Mabakuli Arobaini na Matatu

Nyumba ya mama yangu pale Same ilitugharimu matofali elfu moja mia nane na arobaini, mabati thelathini na sita, siku mia moja na ishirini za kazi, masufuria matatu makubwa ya makande, jino moja la mbele la Mzee Elinami, na paa la mtu mwingine. Fedha nayo ilikuwepo. Tuliilipa kwa mradi wa nyumba mwezi hadi mwezi kwa miaka tisa, bila riba, na hiyo ndiyo sehemu iliyokwisha. Risiti ya mwisho mama aliiweka ndani ya Biblia na ikabaki humo mpaka akaondoka duniani. Orodha hii nimeihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu: chenji, viroba vya tangawizi, hata ngazi za ofisi za watu. Kila nikihesabu, vitu vyote vinatulia mahali pake isipokuwa hicho cha mwisho.

Wiki tatu zilizopita tulimzika Mama Upendo. Nilitoka Moshi alfajiri na nilipofika kwake viti vilikuwa vimeshatolewa nje, mikeka imetandikwa, nikakaa chini ukutani, pale ambapo mtu akikaa anaona mlima kupitia dirishani. Nyumba ile haijawahi kuwekewa dari. Nikalaza kichwa nyuma nikahesabu mabati: thelathini na sita, sawa na ya kwetu, ila yale yana umri mdogo kwa mwaka mmoja. Mtu asiyejua hawezi kuona tofauti. Nje wanawake walikuwa wanapika na maneno yao yalikuwa yanaingia na moshi. "Ongeza maji kwenye hayo maharage, watu wa Gonja wameshateremka." "Maji mangapi, dada? Haya si makande tena, ni bahari." "Weka, weka. Aliyefiwa hahesabu punje." Nikafumba macho. Harufu ya makande yanayochemka polepole ina kawaida ya kunichukua mkono na kunirudisha, na mahali inaponirudisha ni mwaka ule ule, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Tulikuwa tunapanga chumba kimoja nyuma ya stendi, mama na mimi. Nyumba ilikuwa na vyumba sita vilivyopangana kwenye ujia mwembamba, na kuta zake hazikufika juu. Zilikomea mahali fulani hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kwa hiyo tuliishi sita sita. Mmoja akikohoa, tuliamka sote. Mchana joto la Same liliingia na kukaa kitandani kabla yetu, na jua lilipenya kwenye matundu ya misumari likaangusha shilingi shilingi za mwanga sakafuni. Mimi nilikuwa nauza vitunguu na tangawizi za mlimani pembeni ya stendi, na nikirudi nililala chali nikizihesabu zile shilingi za mwanga zikitambaa kuelekea ukuta wa Mama Upendo. Yeye alikuwa chumba cha jirani, mwanamke wa miaka kama thelathini na mbili, mkavu, mwenye mikono mirefu, hana mume wala ndugu wa karibu. Aliuza uji stendi kabla jua halijatoka. Binti yake, Upendo, alikuwa na miaka saba na maswali mengi, na juu ya ukuta ule mfupi nilikuwa nayasikia yote.

"Mama, nyumba yetu itakuwa na mlango wa rangi gani?"

"Wa mbao."

"Nimeuliza rangi."

"Rangi ya mbao."

"Na nikitaka bluu?"

"Ukitaka bluu, kaa nje utazame juu."

Walikuwa wanaongelea nyumba kwa sababu mwenye nyumba wetu alikuwa ameshatuambia kwamba masika yakiingia anavunja zile kuta aweke vyumba vya wageni. Alisema kwa upole, akakataa hata chai, na mtu anayekataa chai hana mjadala. Mwezi huohuo ndipo mradi ulipokuja na kupima viwanja nane upande wa mlimani, kwa familia ambazo benki ingezicheka. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Nyumba unauziwa kwa bei ya vifaa vyake tu, unalipa taratibu, na badala ya kianzio unatoa siku za kazi mia moja na ishirini kwenye kiwanja chako. Siku hizo unaweza kuzifanya mwenyewe, au akufanyie ndugu, jirani, au mtu wa kujitolea, mradi zifanyike. Lakini mabati ya awamu ya kwanza yalikuwa ya nyumba sita. Familia tulikuwa nane. Watakaotimiza siku zao mapema ndio wataezekwa kabla ya masika. Wawili wa mwisho watasubiri mwaka. Msimamizi, kijana mpole mwenye penseli sikioni, aliyasoma hayo huku akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu kabla hajafunga daftari. Nilitazama wale wengine saba kama ninavyotazama wauza vitunguu wenzangu.

Ramani ilikuwa moja kwa nyumba zote: vyumba viwili, sebule, na kibaraza cha upana wa mkeka. Siku walipopigilia vigingi, mama alibeba ndoo ya majivu kutoka kwa Mama Upendo, akafuata kamba, akachora nyumba yetu yote chini. Kisha akasimama nje, akapiga hodi. Nilimwambia, "Mama, watu wanatutazama." Akapiga hodi tena mpaka nikaitika. Akaingia kwa mlangoni, hakukanyaga ukuta, akapita sebuleni, akainama kidogo kama vile mlango wa chumbani ni mfupi, akakaa chini. "Hapa ndipo nitakapolala," akasema. "Kichwa huku, nikiamka nauona mlima." Tulikula chakula cha mchana humo siku ile na siku nyingi zilizofuata, ugali na mlenda katikati ya kuta za majivu, upepo wa Same ukipita ndani ya nyumba bila kubisha. Mama Upendo kiwanja chake kilikuwa kinapakana na chetu. Alikuwa akija na ndoo yake tupu ya uji, na nikisahau nikakatiza kwake ananipigia kelele, "We Nakijwa! Umenikanyagia kitanda!" Nami naruka. Hadi leo nikiota nyumba, naota ile ya majivu; ile ya matofali sijawahi kuiota hata mara moja.

Watu wa kujitolea walikuja kiangazi hicho, kumi na mbili, wengine kutoka Dar, wengine kutoka mbali ambako mtu akijenga anaita mashine. Nawakumbuka wote kwa kofia zao, lakini jina nililobaki nalo ni la Petra, msichana mrefu aliyekuwa akifyatua matofali kama anayeogopa kuyaumiza. Siku ya kwanza viganja vilimtoka malengelenge. Mama Upendo alivitazama, akamwambia kwa Kiswahili cha polepole, "Dada, hapa tunajenga nyumba, hatukandi mgonjwa. Lipige." Petra akacheka, akalipiga, likavunjika. "Sawa," Mama Upendo akasema, "sasa unajua katikati ni wapi." Msichana yule alijifunza. Baada ya mwezi alikuwa anakula makande kwa mkono na kusema "pole na kazi" kwa mbuzi. Walijigawa kwa viwanja vyote sawasawa, siku kadhaa kila familia, hivyo hawakumsogeza mtu mbele ya mwingine, na mimi, niliyekuwa nimejaribu kumhonga Petra kwa ndizi ili azidishe kwetu, nikapoteza ndizi.

Hapo ndipo mama alipokumbuka mlima. Kwetu Upareni kuna msaragambo: kazi ikimzidi mtu, pembe inapigwa, na waliosikia wanakuja na majembe yao, hawalipwi, wanalishwa, na siku yao ikifika nawe unakwenda, siku kwa siku, kichwa kwa kichwa. Mama alituma salamu kijijini kwao. Jibu lilikuja na dereva wa lori la tangawizi: Jumamosi wanashuka. Nilinunua mahindi na maharage, nikapatana bei mpaka muuzaji akaniuliza nimekosewa nini nyumbani. Maharage niliyachambua mimi mwenyewe, mara mbili. Alfajiri ya Jumamosi upepo ulikuwa mkali, na kiwanja chetu kilikuwa wazi kama kiganja, lakini kwa Mama Upendo kulikuwa na mawe makubwa yanayokinga. Mama akaweka mafiga pale, akainjika masufuria matatu, akayaacha. Makande hayahitaji mtu, yanahitaji moto na muda. Tukaenda barabara kuu kulipokea lori. Mama Upendo mwenyewe alikuwa stendi na uji wake.

Tulisubiri mpaka kivuli changu kikawa kifupi kuliko mimi. Lori lilikuwa limekatiza kwenye mkonge, likaingia kwa nyuma. Tuliisikia pembe kwa mbali, sauti ile ya kifua, na mama akasema, "Hao!" akaanza kukimbia akiwa na khanga mkononi. Tulipofika, msingi ulikuwa umeshafika magotini. Watu wa mlimani walikuwa wamejipanga kwenye vumbi jekundu, majembe yanapanda na kushuka pamoja, mawe yanapita mkono kwa mkono, mtu anaimba na wengine wanamalizia, na katikati yao Mzee Elinami, mpiga pembe, ameketi juu ya jiwe kama bwana harusi. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Kilikuwa kwenye kiwanja cha Mama Upendo.

"Shikamoo mzee," nikasema, pumzi hazipo. "Sicho hiki."

"Marahaba. Sicho nini?"

"Kiwanja. Chetu ni kile."

Mzee Elinami akatazama kile, akatazama hiki. Vigingi vilevile, kamba zilezile. Majivu yetu upepo ulikuwa umeshayachukua. Kisha akatazama masufuria. "Mwanangu, msaragambo huanzia penye jiko. Tangu lini mtu akaweka jiko lake kwenye nyumba ya mwenziwe?"

"Waambie basi wahamie."

"Msingi ukishaanzwa haukatishwi. Utaachaje shimo la watu limekodoa macho?"

Mama alikuwa amekaa chini. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka khanga imeloa. Na Mama Upendo ndipo akatokea na ndoo yake, akasimama mbele ya watu wa kijiji kizima wasiomjua wanaochimba chumba chake cha kulala, akauliza, "Nani amekufa?" Wakacheka mpaka majembe yakasimama. Kisha akaweka ndoo chini, akafunga khanga kiunoni, akaingia shimoni.

Mimi nilipakua. Nilitaka kujua wamekuja wangapi, kwa sababu siku hizo zilikuwa zetu na zilikuwa zinaingia ardhini kwa mtu mwingine. Nikaanza kunyoosha kidole. Mama alinipiga mkono. "Watu hawahesabiwi kama mbuzi! Walioacha mashamba yao kuja kwako, unawanyoshea kidole?" Basi nikahesabu mabakuli. Kila bakuli nililopakua nilichora mstari wa mkaa kwenye ubao, na jioni nikaihesabu ile mistari, kisha nikaihesabu tena. Arobaini na mitatu. Bakuli moja lilikuwa na kijiwe, na kijiwe kilimpata Mzee Elinami, jino la mbele likabaki ndani ya makande. Alilitoa, akalitazama kwenye mwanga wa jua linalozama, akasema, "Nani alichambua maharage?" Sikuitika. Jua lilishuka nyuma ya lori, wakapanda mmoja mmoja huku wakiimba, na Mama Upendo alisimama nyuma ya lori akiwasaidia kupanda, akiwashika mkono kila mmoja na kusema ahsante, mpaka wa mwisho.

Jumatatu msimamizi aliandika msingi kwa jina la Mama Upendo. Kwenye daftari lake msingi uliokamilika ulikuwa siku thelathini, hata ungechimbwa na malaika. Nikamfuata Mama Upendo ujiani kwetu, anasugua ndoo.

"Shikamoo Mama Upendo."

"Marahaba. Umekuja kudai."

"Siku za watu wetu ziko kwenye msingi wako."

"Nimeziona. Nimezikanyaga leo asubuhi, ngumu kweli. Msimamizi kaandika thelathini."

"Daftari linahesabu mashimo. Msaragambo ni kichwa kwa kichwa. Walikuwa arobaini na watatu."

Akaacha kusugua. "Arobaini na tatu."

"Ndiyo."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

Nilikuwa nimejiandaa: angesema ishirini, ningesema arobaini, tungekutana thelathini na tano, kila mtu angeondoka akiwa amemshinda mwenzake. Hivyo ndivyo nilivyojua kuishi. Yeye akasema, "Haya," akarudi kwenye ndoo. Nilisimama pale kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Sijawahi kulisahau lile "haya".

Akaja. Baada ya kuuza uji, alikuwa anakuja kwetu kwanza, kisha ndipo anakwenda kwake. Alichimba nasi msingi wetu, akabeba maji, akafyatua, akapanga. Hakujua kuandika, hivyo kila siku iliyokwisha aliokota kokoto moja akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na jioni juu ya ule ukuta mfupi nilisikia ikianguka: ti. Upendo alikuwa anahesabu kwa sauti. Ilikuwa kama saa ya ukutani ya nyumba yote. Wapangaji walikuwa wanaulizana, "Leo ya ngapi?" Petra ndiye aliyeniuliza swali lingine, siku moja tukiwa tunakunywa chai kwenye kivuli cha ukuta mpya: "Nakijwa, kwa nini Mama Upendo anajenga nyumba yenu?" Nikamweleza jiko, msingi, kichwa kwa kichwa. Akafikiri, akasema, "Lakini yeye ni kichwa kimoja." Nikamwambia Kiswahili chake kimekuwa kizuri sana.

Kisha Mzee Elinami akashuka kuja kumwona daktari wa meno. Mama alikuwa kwaya. Nilimpikia chai, akaketi mlangoni, akaniambia habari za mlimani kwa lile pengo lake, ukungu, ndizi, nani kaoa. Nikamwambia, kwa kujisifu tu, kwamba siku zetu arobaini na tatu zinarudi vizuri.

"Arobaini na tatu za nani?"

"Zenu. Mlikuwa arobaini na watatu."

"Sisi? Tulikuwa thelathini na wawili. Dereva alitutoza kwa kichwa, na hela niliishika mimi."

"Mzee, mabakuli yalikuwa arobaini na matatu."

Alicheka mpaka chai ikapita penginepo. "Mwanangu! Watu wa baridi umewashusha kwenye joto hili, wamechimba msingi mzima, halafu ukadhani watakula mara moja? Mimi mwenyewe nilirudia, na jino sina."

Aliondoka na basi la jioni. Mimi nilibaki nimeketi pale pale, na shilingi za mwanga zilikuwa zimeshapanda ukutani zikawa nyekundu. Thelathini na mbili. Kopo la Mama Upendo jioni hiyo lilikuwa linangoja kokoto ya thelathini na moja. Kesho yake angekuwa amemaliza. Nilichukua nakala yangu ya daftari la msimamizi, nikapiga hesabu ya kwetu, kisha ya kwake, kisha nikarudia zote. Nikizipata zile kumi na moja zilizozidi, tunatimiza mia moja na ishirini kabla orodha haijafungwa. Nisipozipata, hatutimizi. Na yeye hivyohivyo. Siku kumi na moja zilikuwa paa la nyumba moja, na nyumba zilikuwa mbili. Nyuma ya ukuta nilisikia kokoto ikianguka, na Upendo akisema, "Thelathini na moja, mama. Bado ngapi?" Na Mama Upendo akajibu, baada ya kimya kidogo ambacho nimekisikiliza maisha yangu yote, "Bado kumi na mbili." Ningeweza kusema kutoka kitandani. Ukuta haukufika juu. Hata nisingehitaji kupaza sauti. Mama akarudi kutoka kwaya akiwa anaimba, akapika, tukala.

Orodha ilisomwa siku yenye mawingu, ya kwanza baada ya miezi. Tulikuwa wa sita: mia moja na ishirini kamili. Mama Upendo alikuwa wa saba: mia moja na kumi na moja. Zilipungua tisa. Msimamizi alimwambia pole, na yeye akasema, "Pole ya nini, nyumba ipo, ni kofia tu haina." Mama yangu, ambaye hakujua lolote, alimshika mkono palepale mbele ya watu. "Mama Upendo, chumba cha pili ni chako mpaka bati lako lije. Umekijenga mwenyewe kile, utalala wapi pengine?" Hivyo wakahamia kwetu wiki ileile mwenye nyumba alipoanza kuvunja. Masika yaliingia. Wiki zile zote naziona kwa pamoja kama siku moja ndefu ya kijivu: mvua juu ya bati jipya, kelele tamu isiyoruhusu mazungumzo, mlima umefutika, mama amelala kichwa huku kama alivyoahidi, Upendo kibarazani anatazama ng'ambo kwenye kuta zao zisizo na paa zikilowa. Alikuwa anahesabu matofali yanayobadilika rangi. Mama Upendo alikuwa anakoroga uji jikoni kwetu na hakuwahi kunitazama vibaya hata mara moja. Ningelipa hela nyingi anitazame vibaya.

Nimelipatanisha deni hilo na nafsi yangu kwa miaka thelathini na moja. Nimejiambia kwamba walikaa kwetu mwaka mzima bila kodi, na kodi ya chumba wakati ule inashinda kwa mbali vibarua kumi na moja. Lakini chumba kilikuwa cha mama, si changu, na yeye alikitoa hakukiuza. Nimejiambia nilimpelekea tangawizi kila nilipopita Same, na sukari, na khanga mbili. Nimejiambia kwamba mwaka uliofuata bati lake lilikuja na akaingia kwake kwa vigelegele, mlango wa mbao, rangi ya mbao. Hesabu zote hizo zinakaribia. Hakuna inayofika. Nimepatana bei na wachuuzi wa Moshi, na madereva, na mahakimu wawili, lakini sijawahi kukutana na mtu mgumu wa kupunguza bei kama mimi nikiwa peke yangu.

Siku ya tatu ya msiba, watu wakianza kupungua, Upendo alikuja akaketi karibu nami mkekani. Ni mtu mzima sasa, miaka thelathini na minane, mikono mirefu ya mama yake. Siku hizi ndiye anayeongoza kina mama wa kujitolea wanaofyatua matofali kwa familia mpya kule juu ya viwanja vyetu. Mradi bado upo, umebadilisha jina na penseli tu.

"Shikamoo dada Nakijwa."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole."

"Nimeshapoa. Mama alikuachia kitu." Akafungua mkoba, akatoa kipande cha khanga chakavu kilichofungwa fundo. Nilijua kwa uzito kabla sijafungua. Nikafungua. Nilihesabu, naye akaningojea kwa adabu, kisha nikahesabu tena: kokoto kumi na moja.

"Zile nyingine thelathini na mbili alizimwaga kwenye zege la kizingiti chetu," akasema. "Hizi alikataa."

"Alijua lini?"

"Siku ileile. Si alikuwa nyuma ya lori? Aliwashika mikono wote. Alisema, mikono thelathini na miwili, ameihesabu kwa kuishika."

Nje mtu alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga.

"Kwa nini hakuniambia? Nilikuwa nimeketi mbele yake nikimdai."

Upendo akatazama dirishani. "Nilimwuliza hivyohivyo nilipokuwa mkubwa. Alisema mama yako alitoa moto wake na watu wake, na hakumdai hata kwa jicho. Yeye akadhani atawahi zote, za kwenu na zetu. Hakuwahi." Akatabasamu kidogo. "Na kuhusu wewe alisema, yule binti anahesabu sana. Mwache. Atafika kwenye kumi na moja mwenyewe, halafu atakuja."

"Na mimi sikuja."

"Hukuja."

Nilizifunga kokoto tena, nikashindwa kulikaza fundo kama alivyolikaza yeye, nikazishika tu mapajani. Kupitia mlango niliwaona kina mama wake upande wa mlimani wakikung'uta vibao vya kufyatulia, na mtu fulani alikuwa ameshachora nyumba chini kwa majivu, vyumba viwili na kibaraza cha upana wa mkeka. Nikamgeukia.

"Upendo, mdogo wangu, nina miaka hamsini, kiuno kinaniuma, na matofali nimesahau yanavyopigwa. Lakini siku kumi na moja ninazo, na basi la kurudi Moshi nimeliacha liende. Wewe ndiye unayejua kazi. Niambie nianzie wapi, na tafadhali, usinipunguzie hata moja."